Mguso wa Pili

(Mazungumzo ya redio kwa jamaa za Kikristo)

  Najua wengine mnanisikiliza mkiwa jikoni, wengine mkiwa kando ya ziwa mkitengeneza nyavu, na wengine mmelala kitandani kwa ugonjwa. Nawasalimu nyote mlioko Migori, Awendo na Rongo. Nawasalimu pia mlioko Homa Bay, Ndhiwa, Mbita na Oyugis. Leo nataka tuzungumze juu ya mgonjwa ambaye kwa macho haonekani kuwa mgonjwa.

Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Katika parishi moja niliyohudumu alikuwako ndugu mmoja, baba wa watoto watatu, aliyepata riziki yake kwa pikipiki ya bodaboda. Jioni moja alikuwa akirudi nyumbani kwa barabara itokayo Rongo kwenda Homa Bay. Ng'ombe akavuka ghafla, ndugu yetu akaanguka, na kichwa chake kikapiga lami. Helmeti yake haikuwa kichwani. Ilikuwa imening'inia kwenye usukani, kwa sababu jua la siku ile lilikuwa kali.

Alilala hospitalini siku sita bila fahamu. Kanisa lilifunga na kuomba. Siku ya saba akafungua macho, na baada ya mwezi mmoja akapewa ruhusa ya kurudi nyumbani. Kidonda kilikuwa kimefunga, alitembea kwa miguu yake, na alitutambua kwa majina. Basi tukafanya ibada kubwa ya shukrani, kwa ngoma, vigelegele na kipaza sauti. Katikati ya sifa ndugu yetu akaziba masikio kwa mikono miwili, akasimama, akatoka nje. Moyoni nikasema, "Mbona huyu hana shukrani?"

Miezi ikapita. Alilala mchana. Alitumwa dukani kununua chumvi akarudi mikono mitupu, asijue alitumwa nini. Alikuwa mpole tangu utoto, lakini sasa alifoka kwa jambo dogo. Watu wakaanza kunena. Wengine walisema amekuwa mvivu, maana amezoea kulishwa. Wengine walisema anakunywa chang'aa kwa siri, kwa kuwa alipepesuka alipotembea. Wengine walinong'ona kwamba ni chira, kwamba amevunja mwiko fulani wa boma. Nami, Mungu anisamehe, Jumapili moja nilihubiri juu ya uvivu, na nilipokuwa nikihubiri nilimtazama.

Jumatatu asubuhi mke wake alikuja nyumbani kwangu. Hakunilaumu. Aliketi, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Pasta, mtu niliyempeleka hospitali siye niliyerudishiwa. Usiku ule alinirushia kikombe, na asubuhi hakukumbuka. Niambie nifanye nini."

Sikuwa na jibu. Nilichoweza kufanya ni kufuatana nao kwenda kliniki. Mhudumu aliyempima alimpa maneno matatu ayakumbuke, akazungumza naye kidogo mambo mengine, kisha akamwomba ayarudie. Ndugu yetu alikumbuka moja tu, akaanza kulia. Mhudumu yule akanigeukia akaniambia, "Pasta, kilichopona ni ngozi na mfupa. Ubongo ungali unauguzwa." Neno hilo lilinichoma, na ndilo lililonileta mbele yenu jioni ya leo.

Katika Injili ya Marko, sura ya 8, kuanzia mstari wa 22, tunasoma habari za kipofu wa Bethsaida. Watu walimleta kwa Bwana Yesu. Bwana alimshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, mbali na makelele ya watu, akamwekea mikono. Kisha akamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu akajibu kwa kweli. Alisema anaona watu, lakini kwake walifanana na miti inayotembea. Bwana hakumkemea kwa kukosa imani, wala hakumtangaza kuwa amekwisha kupona. Alimgusa mara ya pili, na ndipo akaona vizuri. Halafu akampeleka nyumbani kwake, akamwagiza asiingie kijijini.

Ndugu zangu, miujiza mingi ya Bwana ilitendeka mara moja. Huu ulikuwa na miguso miwili. Kati ya mguso wa kwanza na wa pili palikuwa na mtu ambaye si kipofu tena, lakini haoni sawasawa. Aliyeumia ubongo huishi mahali hapo, pengine kwa miezi, pengine kwa miaka. Hospitali imemwokoa na mauti, na huo ni mguso wa kwanza. Kisha anapelekwa nyumbani, na kazi iliyobaki inatuangukia sisi jamaa na majirani.

Sasa tufahamu kidogo ni jambo gani linalotokea ndani ya kichwa. Ubongo wa mtu mzima una uzito unaokaribia kilo moja na nusu. Ni laini, nao unaelea katika maji kidogo ndani ya fuvu lililo gumu. Wote mmepanda matatu. Dereva akifunga breki ghafla, gari husimama lakini abiria huenda mbele, wagonge kiti kilicho mbele yao, kisha warudishwe nyuma. Ndivyo ilivyo kichwa kinapopiga lami. Fuvu husimama, lakini ubongo huendelea kwenda, ukagonga mfupa mbele na nyuma. Nyuzi nyembamba zinazopeleka habari kutoka sehemu moja hata nyingine huvutwa na kupotoka, na nyingine hukatika. Haya yaweza kutokea hata kama fuvu halikupasuka na damu haikuonekana.

Ubongo huwa na njia ya kujisaidia. Mnajua mto Kuja ukifurika kule Nyatike na njia ikafungwa, msafiri huzunguka mbali. Atafika, lakini atafika amechelewa na amechoka. Ubongo ulioumia nao hutafuta njia za kuzunguka. Ndiyo sababu mgonjwa hujibu polepole, na ndiyo sababu huchoka kwa kazi ambayo zamani hakuihesabu kuwa kazi. Kuzungumza na wageni wawili kwa pamoja kwaweza kumchosha kama vile wewe ungechoka kwa kulima tangu asubuhi hadi saa saba.

Pengine hospitalini mlisikia wakitaja alama za mgonjwa. Kipimo hicho kilitungwa na madaktari wawili wa mji wa Glasgow, Scotland, mwaka 1974. Huangalia kama mgonjwa anafungua macho, anasema na anasogeza viungo. Alama ya juu ni 15 na ya chini kabisa ni 3. Kipimo hiki hutusaidia kujua uzito wa jeraha mwanzoni. Hakisemi mtu huyo atakuwaje nyumbani kwake baada ya mwaka. Wengi walioumia kidogo hupona kwa majuma au miezi michache. Walioumia sana hupata nafuu kwa haraka zaidi katika miezi 6 ya kwanza, kisha polepole, na wengi huendelea kupata nafuu hata baada ya miaka 2. Kwa hiyo tusikate tamaa upesi.

Na kubadilika kwa tabia si jambo geni duniani. Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, msimamizi mmoja wa kazi ya reli, Phineas Gage, alichomwa na chuma kirefu kilichopita katika shavu na kutokea juu ya kichwa. Alipona, akatembea na kusema. Lakini rafiki zake walimwona amekuwa mtu mwingine, mwenye hasira na asiyeshika shauri. Baadaye alikwenda nchi ya Chile, akafanya kazi ya kuendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa. Wataalamu wengine hufikiri kwamba kazi ile ya kila siku, yenye njia ile ile na saa zile zile, ilimsaidia kutulia tena. Huyu hakuvunja mwiko wa boma lolote. Aliumia ubongo. Basi na sisi, ndugu zangu, tuache kuwatafutia wagonjwa wetu chira na mchawi. Tukifanya hivyo tunamwongezea mtu jeraha la pili.

Sasa tutamsaidiaje mtu huyu nyumbani?

Kwanza, tumpe usingizi na utulivu. Mnamkumbuka nabii Eliya alipochoka hata akatamani kufa. Malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimwamsha ale, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Mgonjwa wetu alale vizuri usiku, na mchana apumzike kabla hajachoka kabisa. Lakini asiachwe kitandani mchana kutwa, mwezi baada ya mwezi. Apewe kazi ndogo, kisha kupumzika, kisha kazi nyingine ndogo. Najua desturi yetu njema ya kwenda kumwona mgonjwa. Tuendelee nayo, lakini twende wawili wawili, tukae kidogo, tuseme kwa sauti ya chini, tuondoke. Na hata redio hii, ikiwa inamsumbua, izimeni. Sitakasirika.

Pili, tuweke utaratibu. Ale saa zile zile, aoge saa zile zile, alale saa zile zile. Vitu vyake vikae mahali pamoja. Tundikeni kalenda ukutani, na kila siku ikiisha aikate kwa kalamu. Awe na daftari dogo mfukoni la kuandika aliyotumwa. Hii si aibu. Hata mimi huandika mahubiri yangu nisije nikasahau.

Tatu, tumwambie jambo moja kwa wakati mmoja. Tumia maneno machache, kisha ngoja. Usimalizie sentensi yake. Akisahau, mwambie tena kama vile ndiyo mara ya kwanza. Usimwulize mbele ya wageni, "Hukumbuki tena?" Watoto wafundishwe kwamba baba hafanyi makusudi.

Nne, tujifunze juu ya hasira yake. Sehemu ya mbele ya ubongo hufanya kazi kama breki ya baiskeli. Ikiumia, mtu hutambua amekosa baada ya kukosa. Mkiona anaanza kufadhaika, punguzeni makelele, waondoeni watoto, msibishane naye. Mrudieni baada ya kutulia. Lakini hapa nataka nieleweke vizuri. Simwambii mama yeyote akae apigwe kwa jina la uvumilivu. Ukiwa katika hatari, ondoka na watoto, uite wazee, uwaambie na wauguzi. Kumpenda mgonjwa hakumaanishi kuumizwa naye.

Tano, tuangalie hatari za nyumbani. Wengi walioumia kichwa hupoteza uwezo wa kunusa, na mtu kama huyo hatasikia harufu ya moshi wala ya samaki aliyeharibika. Asipike peke yake mpaka ihakikishwe kwamba yuko salama. Asiende ziwani peke yake, wala asipande juu ya paa. Asiendeshe pikipiki mpaka daktari amruhusu, hata kama mkopo wa pikipiki unadaiwa. Asinywe pombe kabisa, kwa maana ubongo ulioumia hauistahimili, na pombe huweza kuleta kifafa.

Naam, kifafa chaweza kuja baada ya kuumia kichwa, hata miezi mingi baadaye. Kikija, mlazeni kwa ubavu, ondoeni vitu vya hatari, wala msimtie kijiko au kitu chochote kinywani. Kikizidi dakika 5, au kikirudi kabla hajapata fahamu, mpelekeni hospitali. Na akiwa amepewa dawa za kifafa, asiziache kwa sababu ameombewa. Tunaomba, na tunameza dawa, na kwa yote mawili tunamshukuru Mungu.

Kuna dalili nyingine ambazo hazingoji asubuhi. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika mara kwa mara, usingizi ambao hawezi kuamshwa, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu kulegea, au maji maangavu kutoka puani au sikioni. Damu yaweza kujikusanya polepole ndani ya fuvu kwa majuma kadhaa, hasa kwa wazee, hata baada ya kuanguka kudogo. Bibi akianguka leo, na baada ya majuma matatu akaanza kuchanganyikiwa, msiseme ni uzee tu. Mpelekeni akapimwe.

Sasa nageuka kwa yule anayemwuguza. Mara nyingi ni mke au mama, na huyu hatumwulizi hali. Wote humwuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Yeye mwenyewe hajalala usingizi wa kutosha tangu siku ya ajali. Dada yangu unayenisikiliza, unaomboleza mtu aliye hai, na ni vigumu kueleza huzuni hiyo kwa wengine. Ukilia, hukukosa imani. Mungu anajua ulimpenda yule wa kwanza, na anajua unajitahidi kumpenda huyu.

Na hapa ndipo kanisa linapopata kazi. Katika mfano wa Msamaria Mwema, msafiri yule hakufunga jeraha tu na kwenda zake. Alimpeleka mtu kwenye nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi. Sisi ni hodari kwa harambee ya hospitali. Mgonjwa akirudi nyumbani, tunatawanyika. Ningependa kila parishi ijiulize maswali haya. Ni nani atakayeketi na mgonjwa alasiri moja kila juma ili mke wake aende sokoni au alale? Ni nani watakaopalilia shamba lao msimu huu? Ni nani atakayetoa nauli ya kliniki, au kuwasaidia kulipa mchango wa bima ya afya ya SHA? Mwiteni pia mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, atembelee nyumba hiyo. Na ikiwa ulemavu umebaki, jamaa wauulize hospitali ya kaunti jinsi ya kupimwa na kuandikishwa katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Ninyi vijana wa bodaboda, nina neno moja kwenu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 69. Sheria ya Kenya inamtaka mwendeshaji na abiria wake waivae. Lakini helmeti iliyo kwenye usukani haimlindi mtu, huilinda pikipiki. Ivae, uifunge kamba chini ya kidevu, na abiria wako naye awe na yake.

Pengine mtaniuliza, "Pasta, je, wote watapata mguso wa pili katika maisha haya?" Siwezi kuwadanganya. Wengine watabaki na upungufu siku zote. Katika kitabu cha Samweli wa Pili tunasoma habari za Mefiboshethi. Alikuwa mtoto wa miaka mitano, yaya wake akakimbia naye kwa hofu, akaanguka, akawa kiwete. Mfalme Daudi alipomtafuta miaka mingi baadaye hakumponya miguu. Alimpa nafasi mezani pake, ale pamoja na wana wa mfalme. Habari yake katika sura ya 9 inamalizika kwa kutukumbusha mambo mawili pamoja, kwamba alikula mezani pa mfalme daima, na kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Kiti chake hakikungoja miguu ipone.

Na yule ndugu yetu je? Nilikwenda nyumbani kwake nikamwomba msamaha, mbele ya mkewe na watoto wake. Alinitazama kwa muda, akasema, "Pasta, hata mimi nilidhani nimekuwa mvivu." Hakurudi kwenye bodaboda. Alianza kwa kulisha kuku na kuhesabu mayai, akiandika hesabu katika daftari. Baada ya mwaka na zaidi akaanza kuziba mipira ya baiskeli sokoni, asubuhi tu. Alasiri hulala. Bado husahau majina, na siku nyingine hasira humshinda, lakini siku hizo zimepungua. Jumapili huketi karibu na mlango. Ngoma zikianza hutoka taratibu, akakaa chini ya mwembe, na zikinyamaza hurudi kusikiliza neno. Hakuna anayegeuka kumtazama. Kwa parishi ile, naona hilo nalo ni tunda la Roho.

Wapendwa, kama nyumbani mwako yumo mtu aonaye watu kama miti, usimkimbize. Mshike mkono, umtoe kwenye makelele, umngojee.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyemgusa kipofu mara ya pili, uwakumbuke wote walioumia vichwani, na wote wanaowauguza usiku na mchana. Uwape usingizi, chakula na majirani wema. Utusamehe tuliowahukumu bila kufahamu. Utufundishe kungoja pamoja nao, mpaka siku ile tutakapoona sote waziwazi. Amina.

Kwaherini, wasikilizaji wapendwa, hadi juma lijalo. Mungu awabariki.